Mizani Nane za Ngamiani

Chumba cha East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na utulivu ambao sikuupata mahali pengine popote pale Mlimani. Mwaka 2001, nilipoanza masomo ya uzamili, nilikaa humo siku nyingi kuliko bwenini. Nilikuwa na penseli, kaunta buku, na mbele yangu utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu na mkono wa mtu wa mwambao aliyekufa zamani. Hati za namna hiyo zilikusanywa kwa wingi katika miaka ya 1960, na J. W. T. Allen akaziorodhesha katika kitabu kilichotoka mwaka 1970. Orodha ile ilikuwa na kanda za sauti pia. Kanda hizo nitazirudia.

Mimi ni mtoto wa Muleba, upande wa Bukoba. Kiswahili nilikikuta shuleni. Nyumbani utanzu mkubwa ulikuwa enanga: mzee anapiga nanga yake, ala ya nyuzi, anaimba habari za mashujaa, na watu wanamwitikia mpaka usiku wa manane. Nilipofika Mlimani na kukuta kwamba M. M. Mulokozi aliandika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 kuhusu enanga hizo hizo, nilisimama kati ya rafu nikiwa na furaha ambayo sikujua nimweleze nani. Kumbe wale wazee wa kwetu wamo maktabani.

Darasa letu lilikuwa dogo, na lilikuwa na kelele. Walikuwamo Wazanzibari, Mkenya aliyetoka Eldoret, watu wa bara kama mimi, na tulibishana kwa Kiswahili tangu asubuhi. Jambo hili linahitaji kuelezwa kwa msomaji ambaye hakulipitia. Mtanzania anasoma kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha kuanzia kidato cha kwanza karibu kila somo linahamia Kiingereza, na wengi wetu tulijifunza kunyamaza darasani tangu siku hiyo. Sasa, watu wazima, tulikuwa tunajadili fonolojia, simulizi na falsafa kwa lugha tuliyoiweza. Istilahi zilikuwapo. Wataalamu wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, walikuwa wamezifanyia kazi kwa miaka, na Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha ya mwaka 1990 ilizunguka mikononi mwetu mpaka jalada likalegea. Niliwaona wenzangu waliokuwa wakimya katika shahada ya kwanza wakisimama kumpinga profesa kwa hoja, kwa adabu, bila kutafuta neno. Sijaona ushahidi mwingine ulionishawishi zaidi kuhusu lugha ya kufundishia.

Semina zilizowaka moto zilikuwa za ushairi. Euphrase Kezilahabi alikuwa amekwisha kuhamia Botswana, lakini vitabu vyake vilibaki vinagombanisha watu. Tulisoma Nagona na Mzingile tukiulizana kama hizo ni riwaya. Tulirudi nyuma hadi Kichomi ya mwaka 1974, diwani iliyotoa mashairi yasiyofuata vina na mizani, na hapo darasa liligawanyika. Mzanzibari mmoja, mtoto wa mtunzi, alikuwa akisikia shairi huru linasomwa anagonga meza kwa kidole, anahesabu mizani. Hazitimii, anatutazama, anasubiri tujibu. Mimi nilikuwa upande wa Kezilahabi, na bado niko upande huo. Lakini kidole kile kilinifanya nami nianze kuhesabu.

Nilihesabu utenzi wangu. Kanuni anaijua kila mwanafunzi: ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane, vitatu vya mwanzo vinalingana kina, na cha nne kinabeba kina kimoja tangu mwanzo wa utenzi hadi mwisho. Sasa, katika hati ile, vipande vingine vilitoka saba, vingine tisa. Niliandika orodha ndefu. Niliona kwamba baadhi ya wahariri waliochapa tenzi kwa herufi za Kirumi walikutana na hali hiyo na kuirekebisha, wakiongeza silabi hapa na kukata pale, wakidhani mnakili alisinzia. Nilimpelekea msimamizi wangu orodha hiyo ofisini. Aliisoma yote, akavua miwani.

“Hii umeihesabu kwa macho,” akasema. “Nenda Tanga ukasikie unavyosomwa.”

Tanga ndiko alikoishi Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kuutamalaki Mrima, na katika mji huo tenzi hazijakatika. Nilipanda basi Ubungo na redio kaseti na betri za akiba. Muheza wakatupandishia machungwa madirishani. Huko Tanga, mtaa wa Ngamiani, nilipelekwa kwa bibi mmoja ambaye watu walisema alisoma tenzi katika matanga tangu alipokuwa msichana.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Mtu wa wapi wewe?”

“Bukoba.”

“Bukoba! Umetoka huko kote kuja kusikia utenzi? Keti basi, keti.”

Alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo pembeni, akapokea nakala yangu, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee. Kisha akaanza, na baada ya beti chache nilielewa kwamba haitazami karatasi sana. Kila kipande kilitoka nane. Silabi moja aliivuta ikawa mbili. M ya mwanzo wa neno mara aliisimamisha peke yake, mara aliiegemeza kwenye konsonanti iliyofuata. Neno lenye asili ya Kiarabu alilifungua kwa irabu pale mahadhi yalipodai, na ubeti uliofuata akalibana lile lile. Ile hati, ambayo ina alama tatu tu za irabu kwa lugha yenye irabu tano, na ambayo mara nyingi haitofautishi p na b, haikuwa pungufu. Iliandikwa kwa ajili ya mtu anayejua. Aliyeiandika alimtegemea bibi huyu, kama mpiga nanga wa kwetu anavyowategemea waitikiaji.

Nikamuuliza alifundishwa na nani kuvuta pale na kubana hapa. Akashangaa.

“Nifundishwe nini? Shangazi alikuwa akisoma, nami nimekaa.”

Nilibaki Tanga mpaka betri za akiba zikaisha. Niliporudi Mlimani nilifungua upya sura ya tatu ya tasnifu na kuiandika kwa kusikiliza kaseti, nikisimamisha na kurudisha, nikiweka alama juu ya kila silabi kama alivyoitoa yeye. Hapo ndipo kanda za Allen zilipoanza kunisumbua. Yeye na wenzake walijua, miaka ya 1960, kwamba hati bila sauti ni nusu ya kazi, ndiyo maana walirekodi. Sisi tuliowafuata tumezinukuu hati katika tasnifu nyingi kuliko tulivyozisikiliza kanda. Hilo linaniuma, kwa sababu sauti inaondoka upesi kuliko karatasi. Yule bibi hayupo tena.

TUKI nayo haipo tena kwa jina hilo: iliungana na Idara ya Kiswahili mwaka 2009, ikawa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Nami sasa nafundisha katika chuo kilicho mbali na mwambao. Wanafunzi wangu wa uzamili wanaanza na herufi za Kiarabu kabla hatujagusa nadharia yoyote. Wanalalamika wiki za mwanzo, kisha wanazoea. Na hakuna anayepitishiwa pendekezo la utafiti wa ushairi kama hajaonyesha atamsikiliza nani. Mmoja wao ni mtu wa Lindi, mji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyetunga utenzi wa Vita vya Maji Maji. Anataka kutafuta kama ziko nyumba ambamo utenzi huo, au wowote wa kusini, bado unasomwa kwa sauti. Maombi yake ya kibali cha utafiti yako mezani kwangu, na yanasainiwa leo.