Mlaji Hana Kiti Mezani

Kila mwisho wa Juni, Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoa gazeti lake lenye viwango vya ushuru wa mwaka mpya wa fedha, nami hulisoma kama mtu asomaye ankara yake. Wanafunzi wangu hunicheka. Lakini, ndugu msomaji, ni ankara kweli.

Umoja wa Forodha ulianza kazi Januari 2005 kwa ahadi nyepesi: bidhaa zetu zivuke mipaka bila ushuru, na za nje zitozwe viwango vilivyo sawa kote. Kando ya viwango hivyo ipo orodha ya bidhaa nyeti, ambamo sukari hutozwa asilimia 100 na mchele 75. Hoja ya kumlinda mkulima wa Kilombero na Mbarali siipuuzi. Mjomba wangu hulima mpunga. Ila katika makongamano yote niliyohudhuria, sijasikia mtu akiuliza kikombe cha chai cha mama ntilie kinabeba kiasi gani cha ulinzi huo.

Tena, ushuru huo wa pamoja si wa pamoja sana. Kenya, ambayo mpunga wa Mwea hauitoshi, huomba kutoza mchele wa nje asilimia 35, na hukubaliwa. Nchi nyingine nazo zina maombi yake. Basi mchele ulioingia Mombasa kwa nafuu hiyo, ukivuka Namanga kuja kwetu, hudaiwa kiwango kamili. Ndiyo maana afisa wa forodha hawezi kuondoka mpakani: sharti aulize gunia limetoka wapi. Gharama ya kusubiri huko, bila shaka, haibaki kwa mwenye lori.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Sumukuvu si kisingizio. Mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya. Lakini shangazi yangu aishiye Kajiado aliniuliza kwa simu: “Na haya ya huku kwetu, baba, yamepimwa na nani?” Sikuwa na jibu, na sijaliona katika waraka wowote.

Ningependa kila kiwango kinachochapishwa Juni kiandikwe pembeni yake kitaongeza shilingi ngapi kwa kilo moja dukani. Waanze na sukari.