Bongo wa Florida na Msitu wa Juu ya Nkubu

Februari 2025, bongo 17, swala wakubwa wa msituni, walishushwa kutoka kwenye ndege Nairobi, wakitokea Florida, wakapelekwa Marania katika kaunti yetu ya Meru. Wengi walishangilia kwamba wamerudi nyumbani. Mimi nauliza kuhusu hiyo nyumba. Mababu wa wanyama hao walinaswa katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya katika miaka ya 1960 na 1970, wakauzwa kwa bustani za wanyama za Marekani. Sotoka ya mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa imeshawapunguza. Waliobaki wakazidi kupunguzwa na mitego, ukataji miti na, zaidi ya yote, mbwa wa wawindaji. Bongo akifukuzwa na mbwa hakimbii mbali: hugeuka, akawainamishia pembe, na mwenye mkuki akamkuta hapo hapo. Leo walio porini nchini kote hawafiki 100, na wanaofugwa ng'ambo ni wengi kuliko hao.

Sisi wa Imenti, hapa Nkubu, tunaukumbuka msitu wa Mlima Kenya juu yetu ulivyokuwa ukishuka kwa malori. Mwaka 1986 serikali ilianzisha ukanda wa chai ya Nyayo kwenye kingo za misitu ili mashamba yasipande zaidi, lakini ukanda haukuweza kuzuia kilichofanyika nyuma yake. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilipofanya uchunguzi wake kwa ndege mwaka 1999, lilikuta miti ya kafuri na muuru ikikatwa ovyo, matanuri ya makaa, na mashamba ya bangi ndani kabisa ya msitu. Hayo yalikuwa yakitendeka mahali palipokuwa pametangazwa Urithi wa Dunia mwaka 1997. Mwaka 2000 msitu ukawekwa chini ya KWS. Sheria ya Misitu ya 2005 ikavipa vyama vya wanajamii nafasi ya kushiriki katika usimamizi. Uzio wa umeme ukaanza kujengwa mwaka 2012. Mabadiliko haya hayakupigiwa vigelegele, nami nayahesabu kuwa makubwa kuliko ndege ya Florida.

Ushahidi wangu uko huku huku Meru. Katika miaka ya 1960 vifaru weupe waliletwa kutoka Afrika Kusini hadi Mbuga ya Meru. Walizoea, wakawa kivutio, wakapewa askari wa kuwalinda. Novemba 1988 majangili waliwaua watano kwa mpigo. Nyasi zilikuwapo na maji yalikuwapo. Kilichokosekana ni mbuga inayoweza kujilinda. Vifaru walirudishwa baada ya mwaka 2000, safari hii ndani ya hifadhi yenye uzio na doria za kudumu, na wanazaana. Ni mbuga ile ile, na mara zote mbili wanyama waliletwa kutoka kwingine. Tofauti imo katika ulinzi, wala si katika ubora wa wanyama.

Wapo wanaosema bongo hawa ni Wamarekani: wamezoea lishe ya kuletewa, na miili yao haiyajui magonjwa ya kupe wa hapa. Hoja hiyo ina uzito, ndiyo maana wanaotarajiwa kuachiliwa ni wazao watakaozaliwa huku. Mfano upo: Waingereza walipohamisha makinda ya tai mla samaki kutoka Uskoti hadi Rutland Water kuanzia mwaka 1996, waliwachukua kabla hawajaruka, kwa kuwa ndege huyo hupahesabu kuwa kwao pale aliporukia mara ya kwanza. Mwaka 2001 kinda la kwanza likaanguliwa pale. Ila Rutland nyumba ilikuwa tayari: samaki walikuwapo na sumu ya DDT ilikuwa imepigwa marufuku.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mkulima wa Nkubu anapata nini? Msilete habari za watalii, hatuwaoni. Jibu ni maji. Kathita, Thingithu na Mutonga hutoka katika msitu huo huo, na bongo anahitaji kile ambacho mito inahitaji: kivuli kizito, vichaka na mianzi yenye unyevu. Na hapa kuna jambo ambalo wapangaji hulipita haraka. Marania iko kaskazini, upande mkavu wa Mlima ambako mianzi ni haba. Upande unaopata mvua nyingi ni wetu, kutoka Nkubu kushuka Chogoria hadi Embu. Ikiwa wazao wa Florida watapata makazi ya kweli, yaelekea watayapata huku, kwa hiyo walinzi wa msitu wa upande huu, ambao nao wanahitaji mishahara, redio na uwezo wa kuwaondoa mbwa na mitego, waandaliwe sasa, kabla ndama wa kwanza hajafunguliwa lango.