Mpe Bomba Tena



Leo nataka tuongee juu ya mafuta. Si mafuta ya upako. Mafuta ya ndege.

Ndege ndogo hazitumii mafuta ya aina moja. Zenye injini za pistoni, kama zile Cessna ndogo zinazoruka kutoka Wilson hapa Nairobi, nyingi hutumia petroli ya ndege, ambayo hutiwa rangi ya samawati ili itambulike. Zenye turbini hutumia mafuta ya jeti, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa. Sasa sikia hatari yake: ukitia mafuta ya jeti kwenye ndege ya pistoni, haikatai papo hapo. Injini inawaka, kwa sababu kwenye mipira bado kuna petroli iliyobaki. Ndege inapaa vizuri. Petroli ile ikiisha, mafuta yasiyofaa yanafika, na injini inakufa watu wakiwa hewani.

Jambo hili lilimpata Bob Hoover miaka ya 1970. Huyu alikuwa rubani Mmarekani mashuhuri wa maonyesho ya angani. Baada ya onyesho huko San Diego, kijana wa uwanjani alijaza mafuta ya jeti kwenye ndege yake, Shrike Commander ya injini mbili za pistoni. Ndege za jamii hiyo ziko za pistoni na za turbini, na kwa macho zinafanana. Muda mfupi baada ya kupaa, injini zote mbili zikaishiwa nguvu. Ndani walikuwa watu watatu. Hoover aliishusha bondeni. Ndege ikaharibika vibaya, lakini wote watatu wakatoka hai.

Aliporudi uwanjani alimkuta yule kijana akilia. Kazi imeenda, jina limeharibika, nusura aue watu. Hoover akamwekea mkono begani, akamwambia kwamba ana hakika hatarudia kosa hilo, na kwamba kesho yake yeye ndiye atakayeijazia mafuta ndege yake nyingine.

Mpendwa, huo ndio msamaha. Si kusema "yameisha" halafu unaficha bomba. Ni kumpa mtu bomba tena.

Lakini hadithi haiishii hapo. Kutokana na ajali ile ulitengenezwa mdomo wa bomba la mafuta ya jeti ulio mpana na bapa, ili usiweze kuingia kwenye tundu dogo la tangi la ndege ya petroli. Mpaka leo unaitwa kwa jina la Hoover. Kijana alisamehewa, na bomba likarekebishwa.

Kanisani mara nyingi tunafanya moja tu. Mweka hazina akikosea hesabu, tunamfukuza na hesabu zinaendelea vilevile. Ama tunamkumbatia, tunasema "Mungu atatenda", na bado anahesabu sadaka peke yake usiku. Msamehe, kisha sadaka ihesabiwe na watu wawili. Kumlinda mtu asianguke tena si kumshuku. Ni kumpenda.

Petro alimkana Bwana mara tatu, lakini katika Yohana 21 Yesu anamkabidhi kondoo zake. Marko aliwaacha wenzake njiani, na Paulo akakataa kusafiri naye tena. Lakini soma 2 Timotheo 4:11: mzee Paulo, akiwa gerezani, anaagiza Marko aletwe, kwa maana anamfaa.

Kuna mtu anasoma hapa aliyeketishwa nyuma miaka mitatu sasa kwa kosa ambalo alishalililia. Bwana hajakutupa. Na kuna mtu mwingine anasoma, ambaye ndiye ameshika lile bomba. Jumapili hii, mwite kwa jina. Mwekee mkono begani. Mpe kazi.

Baba, tufundishe kusamehe mpaka mwisho, na utupe hekima ya kurekebisha kilichomwangusha ndugu yetu. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika Amina. Mtumie mtu mmoja anayehitaji neno hili leo.