Baridi Iko Aje Huko?

Naandika hii nikiwa ndani ya blanketi, soksi mbili mbili, marvin kichwani, na kidole kimoja tu ndicho kiko nje kwa sababu simu haiwezi kujiandika. Ni Julai. Huku Kinoo jua sijaliona tangu Jumapili. Asubuhi konda wa matatu alikuwa amejifunga shuka la Kimasai juu ya jaketi, na alipoitisha nauli hakuna aliyetaka kutoa mkono mfukoni. Tulitazamana tu, gari nzima, kama watu walio matanga.

Najua kuna wasee wa majuu watakuja kusema nyuzi 12 si baridi, ati kwao huwa chini ya sufuri na watu wanaenda kazi. Sawa, bosi. Lakini nyumba yako ilijengwa na mtu aliyejua baridi inakuja. Yangu ni bedsita ya mawe, dirisha moja la chuma lisilofunga vizuri, na chini ya mlango kuna nafasi ambayo paka wa jirani hupitisha mkono. Nje ikiwa 12, ndani pia ni 12. Hakuna pa kukimbilia.

Kitambo nilidhani hii ni laana tu ya Nairobi, kumbe ina sababu. Tuko kusini mwa ikweta, kidogo tu, na ikifika Juni 21 jua huwa limeenda kaskazini hadi mwisho wake. Upepo nao unatoka kusini-mashariki, kwa bahari, ukiwa umebeba unyevu. Ukipanda hadi huku juu, mita 1,700 na kitu, unapoa na kugeuka yale mawingu ya kijivu yanayokaa chini kama kifuniko cha sufuria. Jua liko hapo juu linawaka kama kawaida, ni vile tu halipiti. Na huo upepo ni kusi, ule ule tuliofundishwa shule ya msingi, uliosukuma majahazi kurudi Arabuni. Hata hii baridi ina jina tamu, kipupwe, neno ambalo mimi nilikuwa nalitumia kwa insha peke yake, ili mwalimu aniongeze alama mbili.

Sasa, mathe. Mamangu anaishi Nyahururu, ambako ni juu zaidi na baridi yake haina utani. Kila jioni baada ya saa mbili anapiga simu, na swali ni moja: "Baridi iko aje huko?" Si umekula, si kazi imepatikana. Baridi. Mimi hujibu "iko tu", naye ananiambia ya huko leo imezidi, hata ng'ombe alikataa kutoka. Kisha anauliza, "Umevaa soksi?" Nina miaka 23. "Nimevaa." "Haya basi." Imeisha, dakika mbili. Kwa muda mrefu niliona hizi simu ni za kupoteza salio lake. Watu wengine wanaongea na wazazi wao kuhusu maisha, sisi ni kama watabiri wa hali ya hewa wawili waliokosa kazi.

Na si ati Wakenya tunawaamini watabiri sana. Oktoba 2023 rais mwenyewe alituambia watu wa hali ya hewa wamebadilisha maneno, El Niño haitakuwa mbaya vile tulivyoogopa. Novemba ikanyesha hadi mafuriko yakaua zaidi ya watu 100. Halafu Aprili 2024 ikarudi, na usiku wa kuamkia tarehe 29 maji yakawakuta watu wa Mai Mahiu wamelala. Mimi niliona hizo habari kwa simu nikiwa kitandani, nikasema "woi", nikapitisha kidole, ikaja video ya mtu anacheza ngoma. Sijivunii hiyo, lakini ndivyo tunasoma habari, si tuseme ukweli?

Kuna habari nyingine ambayo hurudi kila Julai, kama mgeni anayejua njia. Familia imepatikana ndani ya nyumba asubuhi, mlango umefungwa kutoka ndani, jiko la makaa liko katikati ya sakafu. Wakati mwingine ni mama na watoto, wakati mwingine ni wanafunzi wawili. Mwaka juzi nilisoma moja hivyo, na hapo chini nikaandika kwamba watu wengine wanahitaji tu kutumia akili. Nikawekewa vicheko karibu mia mbili. Nilifurahi, manze. Nilikuwa narudi kila saa kuhesabu.

Sasa sikiliza.

Mwaka jana, wiki ya pili ya Julai, nilikuwa nimekaribisha binamu yangu wa Mombasa, aliyekuja Nairobi kutafuta nafasi ya mafunzo kazini. Huyu ni mtu ambaye kwao usiku wa Julai ukishuka hadi nyuzi 21 anatafuta sweta. Siku ya kwanza alishuka kwa basi na malapa. Siku ya pili tulienda Gikomba akanunua jaketi mbili, akazivaa zote mbili, akaniambia, "Hii si baridi bwana, hii ni adhabu. Kwani mlimkosea nani nyinyi?" Tulicheka sana hiyo wiki.

Jumanne stima ikapotea saa kumi na mbili jioni. Gesi ilikuwa imeisha Jumapili, ule mtungi mdogo wa kilo 6, na kujaza ni elfu moja na kitu ambayo sikuwa nayo. Hita? Ile ya wati 2,000 inakula yuniti mbili kwa saa, piga hesabu mwenyewe na bei ya tokeni, na hata hivyo stima yenyewe haikuwepo. Nikaazima jiko kwa mama wa nyumba namba 7, nikanunua makaa, tukaliwasha nje kwa korido.

Hapa ndipo nataka mnisome polepole, kwa sababu mimi si mjinga na sikuwa mlevi. Nilijua moshi unaua. Nikapepea na kipande cha katoni hadi moshi ukaisha wote, makaa yakawa mekundu safi, yale ya kuchoma mahindi. Ndipo nikaingiza ndani, nikiwa najiona mjanja. Tukapasha githeri, tukachemsha chai. Joto likaanza kupanda kwa miguu, hadi binamu akavua jaketi moja. Wazo la kuliacha ndani kidogo lilikuwa langu. "Tutalitoa kabla ya kulala." Na kwa vile upepo ulikuwa unaingia chini ya mlango, nikachukua taulo nikaziba. Dirisha tulikuwa tumeshalisukumia gazeti.

Binamu akalala kwanza. Nikamwona amelala mdomo wazi, nikamcheka. Mimi kichwa kilikuwa kinaniuma kwa mbele, nikasema hii ni homa inakuja. Macho mazito. Nilijiambia nitatoa jiko baada ya dakika tano. Nakumbuka hiyo dakika tano vizuri kwa sababu ilikuwa tamu. Hakuna kitu kilichoniuma wala kunitisha. Ni usingizi tu, na joto, wiki nzima ya kwanza nikiwa na joto.

Simu ikalia. Ilikuwa mezani, karibu na mlango. Nikajua ni mathe na soksi zake, nikaiacha. Ikalia tena. Nikaiacha tena. Mara ya tatu nikaingiwa na wasiwasi kwamba labda kuna kitu kimetokea nyumbani, nikasimama.

Miguu haikuwa yangu. Sijui niseme aje. Nilianguka juu ya meza, vikombe vikaenda chini na kelele ya kuamsha ploti nzima, na binamu hakutingisika. Nikamwita. Hakuna. Nikiwa hapo sakafuni nikalitazama jiko, jekundu, limetulia, halina moshi hata kidogo, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni yale maneno niliyoandika mwaka juzi. Si sala. Ni yale maneno.

Nilitambaa nikavuta taulo, nikafungua mlango. Mama wa namba 7 alikuwa tayari ametoka kwa sababu ya vikombe. Yeye na kijana wa juu ndio walimtoa binamu, wakimvuta na blanketi kama gunia. Alitapika kwa korido, na sijawahi kufurahia mtu akitapika vile. Mtu akaleta maziwa. Kila ploti ina mtu wa maziwa, na nia yake ni nzuri, lakini maziwa yanaenda tumboni na hii kitu iko kwa damu. Jirani mwenye gari akatupeleka hospitali. Swali la kwanza la daktari, kabla hata ya majina, lilikuwa: "Kuna mwingine amebaki ndani?"

Binamu aliwekwa oksijeni kwa barakoa hadi karibu alfajiri. Mimi pia niliwekwa, masaa machache. Daktari alinieleza bila kunitukana, na ningependelea anitukane. Makaa yakiwaka mahali hewa ni kidogo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, na yale mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanadanganya watu zaidi. Haina rangi, haina harufu. Ndani ya damu inashika ile sehemu inayobeba oksijeni, na inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kwa hivyo unapumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili haupati kitu. Hata ukishatolewa nje, kwa hewa ya kawaida inachukua saa nne au tano kupungua nusu. Ndio maana ya barakoa. Kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi: watu wanasema ni mafua, wanajifunika, wanalala.

Saa nne usiku, nikiwa kwa benchi, nikampigia mathe. Alikuwa amepiga mara tano. "Kwani ulikuwa wapi?" Nikasema simu ilikuwa mbali. "Baridi iko aje huko?" Nikasema iko tu. "Umevaa soksi?" Nikatazama chini. Nilikuwa miguu mitupu, nimetoka hivyo. Nikasema nimevaa.

Na hapo ndipo nilikosea mara ya pili, kwa sababu sijawahi kumwambia. Binamu pia hakusema kwao, tulikubaliana hivyo kwa teksi ya kurudi. Yeye sai yuko Mombasa, kila Julai ananitumia picha ya simu yake ikionyesha nyuzi 23. Mimi jiko sijaingiza ndani tena, hata la kupasha chai. Nina ile chupa ya mpira ya maji moto, naiweka miguuni, na dirisha lina nafasi ya vidole viwili, baridi iingie itakavyo. Maneno yangu ya mwaka juzi nilienda kuyatafuta niyafute. Vicheko vilikuwa vimefika mia tatu.

Sababu ya kuandika leo ni hii. Jana mathe alipiga kama kawaida, na katikati ya habari za ng'ombe akasema, kwa kupita tu, ati siku hizi analala na jiko chumbani. "Yakishakuwa mekundu hayana shida." Nilikaa wima. Nikamwambia atoe. Akacheka, akasema wamekuwa wakifanya hivyo tangu kabla nizaliwe. Nikamwambia tena, akasema haya, ametoa. Alisema na ile sauti mimi hutumia nikisema nimevaa soksi. Nikampigia jirani yake, mzee wa watu akatoka na tochi kwa hiyo baridi, akaenda akalikuta, akalitoa mwenyewe.

Mathe amekasirika. Anaona nimemwaibisha kwa majirani, ati sasa namlinda kama mtoto. Asubuhi nilipiga mara mbili, hakushika.

Sai ni saa mbili na dakika kumi. Simu iko hapa mkononi. Akipiga, na akiuliza baridi, nitamwambia ile ya Julai mwaka jana yote, hadi ya benchi na miguu mitupu. Asipopiga kufikia na nusu, napiga mimi, na asiposhika nampigia tena mzee wa tochi.