Kete ya Kifungo

Baraza ya babu yangu, Ng'ambo, mjini Unguja, ilikuwa ya saruji iliyong'arishwa na vikao vya watu. Kila siku baada ya sala ya alasiri bao lilitolewa ndani likawekwa juu ya mkeka, na kabla wachezaji wawili hawajakaa sawa, watazamaji kumi walikuwa wameshafika. Muuza kahawa aliijua saa hiyo. Alianzia kwetu, akigonga vikombe vyake tangu kona ya njia.

Ukiliangalia kwa mbali utasema bao ni la watu wawili. Mimi nimekua nikiona kwamba ni la wale waliosimama. Mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa ndani ya shimo liitwalo nyumba, na 22 nyingine mkononi za kunamulia, yaani za kuingizwa ubaoni moja moja. Kete zinapotembea, macho yote yanahesabu pamoja na mkono unaozitembeza; ukiruka shimo, sauti sita zinakurudisha. Anayefungwa ananyanyuka, aliyesimama anakaa. Nimewaona majirani walionuniana mwezi mzima wakikaa goti kwa goti kwa kuwa zamu imewakutanisha, na kufika magharibi wanaagana kwa salamu.

Mholanzi Alexander de Voogt alikuja Zanzibar kuwachunguza mabingwa wa bao, na tasnifu yake ya mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Leiden inahusu umahiri wao. Wanastahili. Lakini nami natamani angepatikana wa kuwaandika watazamaji.

Mimi msichana sikukaa barazani. Babu alinifundisha ukumbini, bao la kujifunza, kete mbilimbili kila shimo. Kete zetu zilikuwa komwe, kijivu, ngumu, laini kiganjani. Kaka zangu walizisugua sakafuni mpaka zikapata moto, kisha wakatubandika nazo mikononi. Moja ilipotea. Babu akakata kifungo cha koti lake, akakitia mahali pake, na tangu hapo kila mtu alijua kifungo kiko shimo gani.

Alipofariki, bao lilizungushiwa kanga likaingia uvunguni mwa kitanda. Wazee wenzake walikuja siku chache, wakakaa, wakanywa kahawa, wakaacha. Televisheni ilikuwa imeshawavuta watu ndani, simu zikamalizia. Baraza ikawa pahala pa kuanikia viatu.

Kisha, Disemba 2009, umeme ukakatika Unguja nzima, ukarudi Machi 2010. Ndani hapakaliki kwa joto. Usiku wa nne au wa tano nikalivuta bao, nikalifuta vumbi, nikaliweka barazani chini ya kandili. Sikumwita mtu. Mzee mmoja aliyekuwa akicheza na babu alikuwa anapita na tochi yake. Akasimama, akakimulika kile kifungo kwa muda mrefu.

"Nani kakufundisha kunamua, mjukuu wangu?"

"Babu."

"Basi kaa."

Alinifunga mara tatu, nikawa nanyanyuka na kurudi tena. Wiki ya pili walikuwepo shoga zangu wawili na mama yao, na vijana waliokuwa hawajui mwenzao mmoja anaishi mlango wa pili. Umeme uliporudi niliingiwa na hofu. Kweli, siku tatu baraza ilikuwa tupu. Ya nne mtu akabisha hodi kuuliza mbona leo bao halijatoka.

Limekuwa likitoka tangu hapo, Jumamosi na Jumapili, na wanawake tunakaa mkekani kama mtu mwingine yeyote. Mpwa wangu ana bao kwenye simu. Linatembeza kete lenyewe, wala halikosei shimo. Hapo ndipo moyo wangu unapokataa, kwa sababu asiyekosea hana haja ya mtu wa kumrudisha. Siku alipocheza ubaoni mara ya kwanza aliruka nyumba yake mwenyewe, baraza nzima ikapiga kelele, naye akacheka mpaka kete zikamtoka mkononi.

Mwezi uliopita mtoto wa jirani alirudi kutoka pwani na komwe mfukoni, akanipa, akauliza sasa kifungo tukitupe wapi. Nikaishika komwe ile, bado ina mchanga. Nikamwambia tuiweke akiba. Nyuma yake mtu alikuwa ameshaanza kuuliza zamu ni ya nani.