Sri Lanka: Uende Mwezi Gani, Ufikie Upande Gani?

Ndugu msomaji, likizo ya mfanyakazi huja mara moja kwa mwaka, na akiba ya nauli ya ng'ambo huchukua miaka kukusanywa. Kwa hiyo swali la wakati wa kusafiri si dogo kwa yeyote anayeazimia kuizuru Sri Lanka, kisiwa ambacho hadi mwaka 1972 kiliitwa Ceylon.

Wengi huuliza: masika ya huko ni lini? Jibu lake ni kwamba kisiwa kile kina misimu miwili mikuu ya mvua, na kila msimu una upande wake.

Pepo zenyewe si ngeni kwetu. Kusi, iliyokuwa ikiyapeleka majahazi ya pwani yetu Arabuni na Bara Hindi, hupinda ivukapo ikweta, ikafika Sri Lanka kutoka kusini-magharibi ikiwa imejaa unyevu wa bahari. Kati ya Mei na Septemba huigonga milima ya katikati, yenye kilele cha Pidurutalagala cha mita 2,524. Hewa hulazimika kupanda, hupoa, na mvua humwagika Colombo, Galle na miteremko ya magharibi. Ng'ambo ya milima, huko Trincomalee, upepo hufika mkavu na bahari hutulia. Desemba hadi Februari mambo hugeuka: kaskazi huleta mvua mashariki, nayo magharibi hupata jua.

Basi, mwenye likizo ya Januari hadi Machi na aelekee pwani ya magharibi na kusini. Mwenye ya Juni hadi Agosti ashike njia ya mashariki. Oktoba na Novemba mvua huenea karibu kisiwa kizima, na mara nyingine vimbunga huzuka katika Ghuba ya Bengal. Katikati ya Aprili ni mwaka mpya wa Wasinhala na Watamil: mabasi hufurika na maduka mengi hufungwa.

Wavuvi wa magharibi wayajua hayo tangu zamani; kusi ikichafua bahari, baadhi yao huhamia mashariki na nyavu zao. Mkulima naye hupanda mpunga kwa misimu miwili, Maha na Yala, akizifuata pepo hizo hizo. Mvua inayomnyima mgeni siku moja ya ufukweni ndiyo impatiayo sahani ya wali jioni.

Kabla ya kukata tikiti, ndugu msomaji, tazama kwanza kalenda, kisha ramani.