Upande wa Pili wa Santuri

Wenye kigugumizi tunatambuana hata kabla mwenzetu hajakwama. Tunamjua kwa jinsi anavyolizunguka neno, anavyovuta pumzi mbele ya herufi fulani, anavyocheka kidogo ili ajipatie muda. Mwimbaji Bill Withers nilimsikiliza miaka mingi bila kumtambua, kwa sababu nilimjua kwa kuimba tu, na mtu akiimba ulimi hufunguka. Hata mimi madrasa niliimba kaswida bila kukwama popote. Nikimaliza, mtu akaniuliza jina langu, hapo ndipo mateso yalipoanza.

Nimekulia Ngamiani, Tanga. Kwetu mtoto hupimwa kwa salamu. Shikamoo isipotoka upesi, mzee ameshapita, na habari inakutangulia nyumbani kwamba mtoto wa fulani siku hizi ana kiburi. Neno hilo lilinishinda kuliko yote. Mengine nilikuwa na namna ya kuyakwepa: baiskeli ikinigomea, nasema usafiri, jina la mtu likinigomea, nasema yule ndugu yako. Shikamoo haina mbadala. Nikawa napita vichochoroni ili nisikutane na watu wazima, nikazidi kuonekana sina adabu. Shuleni, nikisimamishwa kusoma kwa sauti, kicheko kilianza kabla sijafungua kinywa. Mwalimu mmoja alikuwa akinimalizia sentensi kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kicheko chenyewe. Jirani alimshauri mama anizabe kofi la ghafla nikikwama, eti ulimi utafunguka. Mama, Mungu amrehemu, alikataa katakata.

Mjomba wangu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alikuwa na gramafoni na santuri chache. Mojawapo ilikuwa na wimbo wa Withers, "Ain't No Sunshine". Kiingereza sikukijua, hivyo sikuwa na habari ya mtu aliyeondokewa na mpenzi wake. Nilichokisikia ni kingine: katikati ya wimbo yule bwana anakwama. Maneno mawili yale yale, tena na tena, mara 26 kwa hesabu ya wanaoujua wimbo huo, huku vyombo vingine vimenyamaza na ngoma peke yake inamfuata polepole. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemmalizia. Walimsubiri mpaka akatoka mwenyewe, kisha wimbo ukaendelea. Nilimwomba mjomba airudie, naye akanirudishia bila kuniuliza sababu.

Withers alifariki Los Angeles tarehe 30 Machi 2020, na ni katika habari za msiba huo nilipojua kwamba alikuwa mwenzetu. Alizaliwa mwaka 1938 Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko West Virginia. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka 13. Aligugumia hadi alipokaribia miaka 30, na ndani ya miaka hiyo alitumikia jeshi la wanamaji la Marekani kwa miaka 9. Baadaye alihamia Los Angeles, akaajiriwa kiwandani kutengeneza vyoo vya ndege. Alipoanza kurekodi albamu yake ya kwanza, "Just As I Am", akiwa mtu mzima wa miaka 32, hakuacha kibarua, kwa kuwa hakuuamini ulimwengu wa muziki. Usiache mbachao kwa msala upitao. Katika jalada la albamu hiyo amesimama kiwandani, sanduku la chakula cha mchana mkononi.

Sasa yale maneno mawili. Si kigugumizi kilichomkwamisha studioni. Alikuwa hajapata maneno ya sehemu ile, akawa anajaza nafasi tu, akikusudia kuja kuiandika vizuri. Waliokuwa naye, wakiongozwa na Booker T. Jones aliyesimamia kurekodi, walimwambia aiache vilevile. Akawasikiliza. Mimi nikiwa mtoto nilikosea chanzo, lakini nilichokihisi kilikuwepo: mtu aliyeishiwa maneno, na wenzake waliomwambia kwamba hapo alipoishiwa panatosha.

Hata kampuni iliyotoa santuri yake, Sussex, haikuuweka wimbo huo mbele. Santuri ilipotoka mwaka 1971, wimbo uliotegemewa ulikuwa "Harlem", nao "Ain't No Sunshine" ukawekwa upande wa pili, wimbo wa kusindikiza. Watangazaji wa redio ndio walioigeuza. Wimbo wa dakika mbili na sekunde chache ukapanda hadi nafasi ya 3 katika chati ya Billboard ya Marekani, na mwaka uliofuata ukapata tuzo ya Grammy. Mwaka 1974 Withers alikuwa Kinshasa, katika tamasha lililoandaliwa sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman, akiimba na gitaa lake mbele ya umati.

Siku niliyoiogopa kuliko zote ilikuwa ya ndoa yangu. Posa alinisemea mshenga, mahari walipatana wazee, lakini kukubali hakuna wakili niliyemtaka. Nilitaka niseme mwenyewe. Walii akanishika mkono, akatamka kwamba ameniozesha binti yake. Ikawa zamu yangu. Ni- ikatoka, ikarudi, ikatoka tena. Nyuma yangu mtu akaanza kunimalizia, na sheikh akamwinulia kiganja anyamaze. Nami nikaisikia ile ngoma ya nyumbani kwa mjomba, taratibu, haina haraka na mtu. Sikutafuta neno lingine. Niliendelea na silabi ile ile mpaka njia ikapatikana: nimekubali kumuoa kwa mahari tuliyopatana. Vigelegele kutoka ndani vilichelewa kidogo, kwa sababu wanawake walikuwa wanasikiliza kwa makini kama wanaume.

Juzijuzi nilitazama na mke wangu filamu ya maisha ya Withers, "Still Bill" ya mwaka 2009. Kuna sehemu amekaa na vijana wenye kigugumizi, mzee mwenye jina kubwa, na machozi yanamtoka. Mke wangu alinitazama mimi badala ya kutazama filamu.

Bado nakwama, kwenye simu hasa. Nauza vipuri vya pikipiki, na herufi K haijawahi kunihurumia. Lakini nikiagiza kabureta kutoka Dar, naagiza kabureta. Siku hizi sisemi tena "kile kifaa cha mafuta". Wakala akiuliza kama mtandao umekatika, namwambia mtandao uko sawa, anisubiri.